Toba kwanza au msamaha kwanza? Manabii wa Kiebrania wamenichanganya

#1 Ndala Nyeupe
Wakuu salaam. Naomba wanaolijua Agano la Kale wanisaidie.

Baba yangu aliondoka nyumbani kwetu Muheza mwaka 2004, nikiwa darasa la nne. Aliaga kwamba anakwenda Tanga mjini kufuata vipuri vya baiskeli. Amerudi mwezi uliopita. Miaka yote hiyo mama ametusomesha watoto watatu kwa vitumbua. Mzee kaja na begi moja na mguu unaomsumbua, kakaa chini ya mwembe, kaomba chai. Radhi hajaomba, si kwa mama wala kwetu.

Jumapili wazee wa kanisa walikuja. Wakafungua Hosea 11, pale Mungu anaposema "Nikuacheje, Efraimu?" Wakasema: mnaona, Mungu alimsamehe Israeli hata kabla hajatubu, basi na ninyi fanyeni hivyo. Mama alimimina chai, hakusema neno.

Usiku nikasoma Hosea yote, sura 14, nikaendelea na wengine. Zekaria 1:3 anasema nirudieni mimi, nami nitawarudia ninyi. Hapo anaanza mwenye kosa. Isaya 44:22 anasema nimeyafuta makosa yako, unirudie kwa maana nimekukomboa. Hapo anaanza Mungu. Sasa manabii wanasemaje hasa? Nani anatangulia, anayetubu au anayesamehe?

#2 Fundi Redio
Pole mkuu. Nimekaa mkao wa kula, wajuzi waje.

#3 Mzee wa Kigamboni
Amani kwenu. Mimi ni mchungaji, miaka 26 sasa, na wazee wenu wako sahihi kwa sehemu kubwa. Hosea aliambiwa aoe kahaba aitwaye Gomeri, akamkimbia, akaenda kumnunua sokoni kwa vipande thelathini vya fedha, akamrudisha nyumbani. Gomeri hakutubu popote. Upendo ndio ulioanza. Huo ndio moyo wa kitabu, na ndiyo habari njema yenyewe.

#4 Mwalimu Mstaafu
Mchungaji, heshima yako, ila marekebisho matatu.

Bei kwenye Hosea 3:2 ni vipande kumi na vitano vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri, kwa makadirio ya kawaida kama magunia mawili hivi. Thelathini ni ya Zekaria 11, na ya mtumwa aliyepigwa pembe na ng'ombe katika Kutoka 21. Wapo wanaojumlisha fedha na shayiri wakapata thelathini, lakini hiyo ni hesabu yao, maandiko hayajasema.

Pili, soko halitajwi.

Tatu, mwanamke wa sura ya 3 hana jina. Wengi wanaamini ni Gomeri yule yule, na mimi naelekea huko, ila tuseme kwamba tunaamini, tusiseme imeandikwa.

Na usiruke mstari wa 3. Hosea anamwambia: utakaa kwangu siku nyingi, hutakuwa mke wa mtu, nami vivyo hivyo kwako. Karudishwa nyumbani, lakini kuna kusubiri. Kitanda hakikutandikwa siku ile ile.

#5 Mzee wa Kigamboni
Nimepokea, mwalimu. Ya thelathini nimeihubiri miaka mingi. Jumapili nitasahihisha mimbarini.

#6 Kapu la Mama
Mimi hii habari ya Hosea inanitoa machozi, na si machozi ya furaha.

Mwaka 2011 mume wangu alinivunja mkono wa kulia, hapa kwenye kifundo. Nilipokwenda kwa washauri wa ndoa wa kanisa nililokuwa nasali, mama mmoja mtu mzima alinishika bega akasema, "Mwanangu, kosa moja haliachi mke, wala halimwachi mume. Hosea hakumwacha Gomeri." Nikarudi. Nikakaa miaka minne mingine. Hadi leo nikisonga ugali kifundo kinaniuma.

Sijui Kiebrania. Ninachojua, ule mfano ulikuwa wa Mungu na taifa, wakauchukua wakaniwekea mimi shingoni. Na hata ndani ya mfano, mwenye kukosewa ndiye aliyeamua mwenyewe kurudi. Hakutumiwa wazee.

Ndala Nyeupe, mwambie mama asikimbizwe na mtu.

#7 Wa Kisauni
Dada, pole sana. Bandiko lako limenikaa kifuani.

#8 Mzee wa Kigamboni
Binti yangu #6, kwa niaba ya wote tuliofundisha hivyo, nakuomba radhi. Sikukushauri mimi, lakini ushauri kama huo nimewahi kuutoa.

#9 Mwalimu Mstaafu
Kapu la Mama kagusa kitu ambacho wafafanuzi wengi wamekiona wakachelewa kukisema. Sura ya 2 ya Hosea si nyororo. Mume anatishia kumvua nguo mkewe na kumweka kama jangwa, kisha ndiyo anamvuta nyikani na kusema naye kwa upole. Ukilihamisha lile neno kutoka kwa Mungu na taifa ukalileta chumbani kwa mtu, unampa mpigaji andiko la kujifichia.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kilele cha Hosea si ndoa, ni sura ya 11, na pale mfano umebadilika kuwa wa mzazi na mtoto. Mungu anasema alimfundisha Efraimu kutembea, akamchukua mikononi. Anamkumbuka mtoto anayejifunza kusimama dede. Kisha anakuja mtoto mkubwa asiyesikia, na hasira inapanda, na katikati ya hasira anajiuliza: nikuacheje? Nikufanyeje kama Adma, kama Seboimu? Hiyo miji iliteketea pamoja na Sodoma. Halafu anatoa sababu: maana mimi ni Mungu, wala si mwanadamu.

Wengi hudhani Mungu angeadhibu kwa sababu ni Mungu, mwanadamu ndiye angeona huruma. Hosea kageuza.

#10 Fundi Redio
Lakini mwalimu, ukisoma mbele sura ya 13, huyo huyo anasema atawarukia kama dubu aliyenyang'anywa watoto wake. Na Samaria ilianguka kweli, Waashuri wakawachukua mateka. Sasa ule msamaha wa sura ya 11 ulifanya kazi gani?

#11 Chepe
Hosea si alikuwa Yerusalemu? Samaria inamhusu nini?

#12 Mwalimu Mstaafu
Chepe, Hosea ni wa ufalme wa kaskazini. Efraimu ndilo jina lake la kuuitia ufalme huo. Alianza enzi ya Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 KK, kukiwa na mali na amani, na Samaria ikaanguka mwaka 722 KK. Yerusalemu ilidumu hadi 586 KK, wengine wanasema 587.

Fundi, swali lako ni zito kuliko la mleta mada. Nadhani jibu moja liko Hesabu 14. Musa anawaombea watu, Mungu anajibu, "Nimesamehe kama neno lako." Na palepale anaongeza kwamba kizazi kile hakitaiona nchi. Wamesamehewa, na watafia jangwani. Hayo maneno "nimesamehe kama neno lako" Wayahudi huyatamka mwanzoni mwa ibada ya Yom Kippur, siku ya upatanisho. Kwa hiyo kusamehewa na kuepuka matokeo ni mambo mawili.

#13 Chepe
Ahsante kwa darasa. Nilikuwa namchanganya na Isaya.

#14 binti_Makunduchi
Assalaam alaykum na hamjambo nyote. Mimi ni Muislamu, naingia kwa adabu.

Kuna jambo la lugha watu wa pwani tunalo mdomoni kila siku na hatulioni. Neno toba limetujia kwa Kiarabu, tawba. Wataalamu wa lugha hizi wanalihusisha na Kiaramu, tub, yaani kurudi, na huyo ni ndugu wa Kiebrania shuv, ambalo ndilo manabii wanalolitumia wakisema rudini. Kwa hiyo Hosea akisema "shuva Yisrael" na bibi yangu akisema "nimetubu", mizizi ni jamaa.

Kafara pia. Hiyo kappara ya Kiebrania ndiyo kaffara ya Kiarabu. Na rehema! Yule binti wa Hosea aliyepewa jina Lo-ruhama, "lo" ni hapana, na ruhama ni shina moja na rehema yetu. Ni kama kumpa mtoto jina Si-Rehema, aitwe hivyo kisimani na uwanjani. Shina hilo hilo ndilo la rehem, tumbo la uzazi.

Kwetu wanazuoni wametaja masharti ya tawba: uache kosa, ujute, uazimie kutorudia. Na ikiwa ni haki ya mtu, umrudishie haki yake au umwombe akusamehe. Hilo la nne ndilo naona linakosekana chini ya mwembe wa Muheza.

#15 Ndala Nyeupe
Dada umenifungua macho. Mama yangu ana dada yake anaitwa Rehema, hata siku moja sikuwahi kuwaza.

#16 Mwalimu Mstaafu
binti_Makunduchi, hiyo ni nondo. Naongeza juu yake.

Hilo shuv Yeremia kalichezea sura ya 3 na ya 4 mpaka mtafsiri anatokwa jasho. Kurudi ni shuv, na uasi, kugeuka nyuma, ni meshuva, shina lile lile. "Rudini, enyi watoto waasi, nitawaponya maasi yenu." Kwa Kiebrania ni kama kusema: geukeni, enyi mliogeuka, nitaponya kugeuka kwenu.

Na kuna neno la pili, naham, ambalo ni kujuta au kughairi. Hilo hutumika hata kwa Mungu. 1 Samweli 15 lipo kwa namna ya kutatanisha: mstari wa 11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli, mstari wa 29 Samweli anasema Mungu si mwanadamu hata ajute. Sura moja!

La tatu ni salah, kusamehe. Katika Biblia yote ya Kiebrania kitenzi hicho mtendaji wake ni Mungu tu. Hakuna mtu anayem-salah mwenzake. Watu wakisameheana hutumika maneno mengine, kama kubeba au kuliondoa kosa.

#17 Kahawa Chungu
Hapo #16 mwisho ndipo palipo na jibu la mleta mada, na naona mmepapita mbio. Kama kitenzi chenyewe kimeachiwa Mungu, huwezi kuchukua Hosea 11 ukampa mama wa Muheza kama kazi ya nyumbani. Tena aya yenyewe inasema mimi ni Mungu, wala si mwanadamu. Wazee walisoma mstari wa 8, hawakufika wa 9.

#18 Mzee wa Kigamboni
Kahawa Chungu, ukienda njia hiyo utafika mahali mwanadamu hadaiwi kusamehe kabisa. Mika 6:8 inasema tutende haki na kupenda rehema. Na Hosea 6:6, nataka fadhili wala si sadaka. Bwana Yesu aliinukuu mara mbili katika Mathayo.

#19 Mwalimu Mstaafu
Na hapo penyewe pana jambo. Hosea ukisoma Biblia yetu ni "fadhili", Mathayo 9:13 ni "rehema". Kiebrania ni hesed, na wale waliotafsiri kwa Kigiriki zamani waliweka eleos, ndiyo rehema. Hesed si huruma tu. Ni ule uaminifu wa watu waliofungana kwa agano, mtu kutomtupa mwenziwe. Nadhani "fadhili" kwa Kiswahili cha leo imepungua nguvu, watu wanasikia kama msaada wa mara moja.

Na tazama inatokea wapi. Mwanzo wa sura ya 6 watu wanaimba toba nzuri kabisa: njoni tumrudie Bwana, siku ya tatu atatufufua. Mungu anajibu nini? Hesed yenu ni kama wingu la asubuhi, kama umande utowekao mapema. Toba ilikuwepo, ila haikudumu hata hadi jua la saa nne.

#20 Wa Kisauni
Hili la umande ni kweli tupu. Nina shemeji yangu anatubu kila mwezi wa Desemba.

#21 Chepe
Wa Kisauni usituanikie familia 😂

#22 Wa Kisauni
Hajui kusoma uzi mrefu hivi, yuko salama. Ila nampenda, ndiyo maana nasema.

#23 Mtu wa Goma
Jambo bandugu. Nasoma nyinyi tangu asubuhi. Mnasema Hosea, mimi nataka Yona.

Watoto wa Sunday school wanamcheka Yona kwamba mkaidi. Huku kwetu hatumcheki. Ninawi ilikuwa mji wa Waashuri, watu waliochinja. Yona alikimbia kwa sababu alijua, sura ya 4 anasema wazi: nalijua kwamba wewe ni Mungu mwenye neema, mwingi wa huruma, unaghairi mabaya. Anamlaumu Mungu kwa wema wake. Ukiwa umezika watu wako, unaelewa. Unaomba usiku, Mungu usiwasamehe hao, walau usiharakishe.

Mimi nimewahi kukaa foleni ya maji karibu na mtu ambaye mtaa mzima ulijua alifanya nini wakati wa vita. Alikuwa na ndoo ya manjano kama yangu. Alinisalimu. Sikujua niitikie au la. Niliitikia, na nilijichukia wiki nzima.

#24 Kahawa Chungu
Mtu wa Goma, niko London, na nimesimama mbele ya hicho unachokisema. British Museum kuna chumba chenye michongo ya mawe kutoka jumba la Senakeribu, mfalme wa Ashuru, kule Ninawi, inaonyesha Lakishi, mji wa Yuda, ulivyotekwa mwaka 701 KK. Upande mmoja kuna watu watatu wametundikwa juu ya miti iliyochongoka. Kuna waliolazwa chini wanachunwa. Na kuna familia inatoka mjini na mkokoteni wa ng'ombe, juu ya mizigo wamekaa wanawake na watoto. Fundi aliyechonga hakusahau hata mbavu za ng'ombe.

Na Waashuri hawakuyaficha. Walipamba nayo ukuta wa mfalme. Tangu siku ile Yona nimemsoma tofauti.

#25 Mwalimu Mstaafu
Nyongeza ndogo ili tusichanganye miaka: Yona bin Amitai wa 2 Wafalme 14:25 aliishi enzi ya Yeroboamu wa Pili, kabla ya Senakeribu. Ila wasomi wengi wanaona kitabu kiliandikwa baadaye sana, baada ya uhamisho wa Babeli. Waliokisoma walishajua Ashuru ilifanya nini, na walishajua Ninawi yenyewe ilianguka mwaka 612 KK.

Kwa hiyo wasomaji wale walikuwa na vitabu viwili kuhusu mji mmoja. Yona 4:2 na Nahumu 1:3 vyote vinachota kutoka Kutoka 34:6-7, lile tangazo la Sinai. Yona anachukua nusu ya kwanza, mwingi wa rehema. Nahumu anachukua nusu ya pili, hatamhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia. Na vyote viwili vimewekwa katika manabii kumi na wawili, kati yao yuko Mika tu. Na huyo Mika anamaliza kwa kuuliza: ni nani aliye Mungu kama wewe, mwenye kusamehe uovu? Na kwamba atazitupa dhambi katika vilindi vya bahari.

#26 Fundi Redio
Kumbe! Na Yona naye akatupwa vilindini. Nyangumi akammeza yeye na hasira zake.

#27 binti_Makunduchi
Kaka, si nyangumi, ni "samaki mkubwa" tu, hata kwenye kitabu cha Yona cha Biblia yenu. Kwetu ni Nabii Yunus, na ile dua yake tumboni mwa samaki, *La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu minadh-dhalimin*, mama yangu ndiyo aliyokuwa akiisoma bahari ikichafuka na baba yuko nje na ngalawa. Nabii anasema mimi ndiye niliyekuwa miongoni mwa waliodhulumu. Hataji ya wengine.

Qur'ani inasema alitumwa kwa watu laki moja au zaidi, na kwamba kaumu ya Yunus waliamini, imani yao ikawafaa, wakaondolewa adhabu.

#28 Mwalimu Mstaafu
Na Biblia inasema zaidi ya mia na ishirini elfu, wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia. Kitabu kinaishia kwa ng'ombe na mbuzi.

Mleta mada, Ninawi inakusaidia hivi. Mahubiri ya Yona kwa Kiebrania ni maneno matano. Hakuna neno tubuni ndani yake, wala neno mtasamehewa. Mfalme anashuka kitini, anasema "ni nani ajuaye?", huenda Mungu akaghairi. Yoeli 2:14 ana maneno hayo hayo. Amosi 5:15 anasema "huenda", Sefania 2:3 "huenda". Manabii hawa hawamwambii mtu kwamba ukitubu basi unamdai Mungu. Toba haimfungi Mungu kamba. Na mimi naona hata kwa binadamu ni hivyo: baba akiomba radhi leo, bado mama ana haki ya "huenda" yake.

#29 Mzee wa Kigamboni
Hapana mwalimu, hapo nakukatalia. Ezekieli 18 haina "huenda". Mtu mwovu akighairi, hakika ataishi, hatakufa. Je, ninafurahia kufa kwake mtu mwovu? Na hayo yanasemwa kwa watu waliohamishwa Babeli mwaka 597 KK, wanaolalamika kwamba baba zao walikula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Ezekieli anaifuta mithali. Kila mtu kwa lake, na mlango uko wazi.

#30 Fundi Redio
Mchungaji, Ezekieli huyo huyo sura ya 36 anasema si kwa ajili yenu nafanya hili, bali kwa ajili ya jina langu. Anawapa moyo mpya kwanza, kisha mstari wa 31 ndipo wanakumbuka njia zao mbaya na kujichukia. Hapo msamaha umetangulia na toba imekuja nyuma. Kwa hiyo ndani ya nabii mmoja zipo njia mbili.

Na ukitaka kuchanganyikiwa zaidi njoo kwa Manase, mfalme wa Yuda. Alitawala miaka 55, akamwaga damu isiyo na hatia. 2 Wafalme 24:4 inasema Bwana hakukubali kusamehe. 2 Nyakati 33 inasema alifungwa akapelekwa Babeli, akanyenyekea, akaomba, Mungu akamrudisha kwenye ufalme wake. Mtu mmoja! Alisamehewa au hakusamehewa?

#31 Kapu la Mama
Labda alisamehewa yeye, na damu ya wale aliowaua ikabaki inadai. Mimi ndivyo ninavyosoma.

#32 Mwalimu Mstaafu
#31 nimesoma mara tatu. Sina la kuongeza.

Ila hilo linaendana na Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi, kitabu cha Yoma: makosa kati ya mtu na Mungu, Yom Kippur inayafunika, makosa kati ya mtu na mwenziwe, Yom Kippur haiyafuniki mpaka amridhishe mwenziwe. Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, akaeleza namna: aende mwenyewe, akikataliwa arudi na rafiki watatu, mara ya pili, na ya tatu. Mwenye kosa ndiye anayepiga hodi. Pale Muheza wazee wamemtembelea aliyekosewa. Wamekosea nyumba, hata kama ni nyumba moja.

#33 Mzee wa Kigamboni
Hilo nalikubali. Wangeanza chini ya mwembe.

#34 Chepe
Hao Wayahudi wanaosoma hivi wapo Afrika Mashariki?

#35 Wa Kisauni
Wapo Abayudaya, kule Mbale Uganda. Walianza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Nimepita huko kwa biashara ya kahawa, mapokezi mazuri na mlima unauona.

#36 Chepe
Kahawa ya Mlima Elgon hiyo? Tuelekezane pembeni mkuu.

#37 Mtu wa Goma
Turudi. Kapu la Mama na Mwalimu mmesema vizuri, lakini mnaweka kila kitu kwa mwenye kosa kuja kugonga. Wengine hawatakuja. Wamekufa, wamevuka mpaka, hawajui jina lako. Mimi nibaki na ndoo yangu mpaka lini? Yeremia 31 Mungu anasema juu ya Efraimu, kila ninaponena juu yake ningali nikimkumbuka, moyo wangu unataabika. Mwenye kukosewa ndiye anayeteseka. Nafikiri Mungu anasamehe mapema kwa sababu maumivu ni yake. Hawezi kukaa nayo.

#38 binti_Makunduchi
Subhanallah.

#39 Kahawa Chungu
Kaka wa Goma, naheshimu, ila naogopa kusema Mungu anasamehe ili apumzike. Amosi sura ya 4 anarudia mara tano, "lakini hamkunirudia mimi". Mara tano anangoja. Hajapumzika.

#40 Mtu wa Goma
Ndiyo. Hajapumzika. Ndiyo nasema.

#41 Ndala Nyeupe
Wakuu nimesoma kila bandiko, nimekaa kimya kwa sababu kuna jambo limetokea.

Mama amempa mzee kile chumba tulichokuwa tunawekea majembe. Hajampa chumba chake. Nilipomsomea Hosea 3:3, kwamba utakaa kwangu siku nyingi, alisema tu, "Soma tena." Nikasoma tena.

Mama huamka saa kumi alfajiri. Mchele umeshalowekwa tangu jana, anakuna nazi, ndipo anakwenda kusaga. Juzi alipoamka alisikia kitu jikoni. Mzee yuko juu ya kibao cha mbuzi, mguu mbaya kaunyoosha pembeni, anakuna nazi gizani, hana hata koroboi. Vifuu viwili kavimaliza, cha tatu yuko nusu. Hakuna aliyemtuma. Hakusema kitu. Jana tena. Leo tena.

Je, hiyo ni kurudi?

#42 Mzee wa Kigamboni
Mwanangu, hiyo ni shuv. Miguu imegeuka. Yona 3:10: Mungu akaona matendo yao, ya kuwa wameiacha njia yao mbaya.

#43 Mwalimu Mstaafu
Na Mishna Taanit inaukazia mstari huo huo: haikuandikwa Mungu akaona magunia yao na kufunga kwao, bali matendo yao.

#44 Kapu la Mama
Mimi sikubali upesi. Hosea huyo huyo sura ya 14 anaanza, ee Israeli, mrudie Bwana, na mstari wa pili anasema, "Twaeni maneno pamoja nanyi." Maneno! Ng'ombe hakuwataka, aliwataka maneno. Nazi tatu kwa miaka zaidi ya ishirini, na mdomo umefungwa? Wangu naye alikuwa akinipiga leo, kesho ananiletea samaki.

Samahani Ndala Nyeupe. Simfahamu baba yako. Nasema ninachokijua.

#45 Ndala Nyeupe
Usiombe samahani dada. Ndiyo maana nimeuliza.

#46 Fundi Redio
Sura ya 14 hiyo mstari wa 4 unasema nitawaponya kurudi nyuma kwao, nitawapenda kwa ukunjufu wa moyo. Maneno mstari wa 2, uponyaji mstari wa 4. Ila la Manase bado nadai jibu, mwalimu, usidhani nimesahau.

#47 Wa Kisauni
Nazi tatu kwa mguu mbaya si mchezo. Mimi mzima nikikuna mbili naomba maji.

#48 binti_Makunduchi
Ndala Nyeupe, hiyo nazi mama ameifanyaje?

#49 Ndala Nyeupe
Ameikamua, ametengenezea vitumbua. Siku ya kwanza aliionja kwanza, akatoa vipande vya kifuu vilivyoanguka ndani kwa sababu ya giza. Hakusema kitu. Leo nilipoamka nimekuta kaacha koroboi juu ya kinu, imewashwa.